Wanaikariri 3NF, kumtafuta mdaiwa hawawezi

Barua

Ndugu washauri, habari za kazi.

Nafundisha katika chuo cha kati hapa Morogoro. Nimepewa somo la utangulizi wa kanzidata kwa wanafunzi 64 wa mwaka wa kwanza wa diploma. Ni wiki 15, kila wiki saa 2 za darasani na saa 2 za maabara. Maabara ina kompyuta 20 zinazowaka, na umeme ukikatika hatuna jenereta.

Muhula uliopita nilifuata desa nililoachiwa: historia, faida za kanzidata, usanifu wa ngazi tatu, michoro ya ER (ya vitu na uhusiano wake), nomalaizesheni (kugawa data kwenye majedwali ili isijirudie, 3NF ikiwa ngazi yake ya tatu), halafu SQL, lugha ya kuiuliza na kuibadilisha data, kuanzia wiki ya 10. Kwenye nadharia walifanya vizuri. Ukiwauliza 3NF wanakutajia kama sala. Kwenye vitendo nikawapa majedwali mawili na kuwaambia watafute wateja wanaodaiwa. Wengi waliishia kwenye SELECT * FROM, yaani "toa kila kitu". Miradi ya mwisho nayo ilikuwa ileile: mfumo wa maktaba, mfumo wa hospitali, kilichobadilika ni jina kwenye jalada. Hata makosa ya tahajia yalifanana.

Nianze na nini? Nitumie programu gani kwa maabara kama hii? Na nipime vipi ili anayepata A awe anajua kweli? Halafu kuna suala la lugha: natakiwa kufundisha kwa Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, lakini wakikaa wao kwa wao wanajadili kwa Kiswahili, na naona huko ndiko wanakoelewa.

Mkufunzi, Morogoro

Jibu

Ndugu Mkufunzi,

Wiki ya 10 ni kuchelewa mno. Anayekutana na SQL wakati huo ana maabara 6 tu, saa 12 kwa jumla. Toa siku za umeme kukatika na kompyuta zilizogoma, zinabaki 8 ukiwa na bahati. Kuunganisha majedwali hakujifunzwi kwa saa 8. Na kuna jambo jingine: nomalaizesheni ni dawa, nawe umewanywesha kabla hawajaumwa. Hawajawahi kuona data iliyojirudia ikimharibia mtu hesabu, ndiyo maana 3NF kwao ni sala.

Kwa hiyo geuza mpangilio. SQL ianze wiki ya 2. Usanifu uje wiki ya 9, wakishaumia. Mada za mtaala zitakwisha zote. Kinachobadilika ni zamu yake tu, ila mweleze mkuu wa idara mapema ili maswali ya testi ya kwanza yasije yakawa ya michoro. Akihoji, mkumbushe kwamba hata kihistoria majedwali ndiyo yaliyotangulia: Codd wa IBM aliandika kuhusu modeli ya majedwali mwaka 1970, michoro ya ER ya Peter Chen ikaja 1976.

Chagua daftari la mangi

Achana na maktaba na hospitali. Mifano hiyo imejaa mitandaoni na wanafunzi wengi hawajui hospitali inavyotunza kumbukumbu. Daftari la madeni la mangi, mwenye duka la mtaani, wanalijua, na baadhi yao majina yao yamo. Wiki ya 1 usiwashe kompyuta. Wape ukurasa mmoja ulioutunga wewe, wenye mistari kama 25 ya namna hii:

```
3/3   Mama Asha, Uhuru    sukari kg 2, mchele kg 1   9,000
5/3   mama asha           sabuni mche 1              2,500
5/3   Baba Juma           unga kg 2
6/3   M. Asha kalipa                                 5,000
```

Waulize maswali manne: Mama Asha anadaiwa kiasi gani? Nani hajalipa hata mara moja? Sukari imetoka kilo ngapi mwezi huu? Bei ya unga ni ngapi? Watabishana kama "M. Asha" ndiye "Mama Asha", na bei ya unga haitapatikana kwa sababu haikuandikwa. Andika ubishi wao ubaoni na uupige picha. Utauhitaji wiki ya 9.

Wiki ya 2 hadi ya 4 lichape daftari hilohilo kama jedwali moja pana, uchafu wake wote ukiwamo, uliongezee safu ya simu, na wafanyie hapo SELECT, WHERE, ORDER BY na COUNT. Wiki ya 4 waambie wabadilishe namba ya simu ya Mama Asha. Atakayeandika WHERE jina = 'Mama Asha' atabadilisha baadhi ya mistari na kuiacha iliyoandikwa "mama asha". Usimsahihishe haraka.

Wiki ya 5 ndipo uwakabidhi majedwali yaliyokwisha kugawanywa, bila maelezo marefu ya sababu:

```
CREATE TABLE wateja (
  mteja_id INTEGER PRIMARY KEY,
  jina     TEXT NOT NULL,
  simu     TEXT UNIQUE,
  mtaa     TEXT
);
CREATE TABLE bidhaa (
  bidhaa_id INTEGER PRIMARY KEY,
  jina      TEXT NOT NULL,
  bei       INTEGER NOT NULL CHECK (bei > 0)
);
CREATE TABLE mikopo (
  mkopo_id INTEGER PRIMARY KEY,
  mteja_id INTEGER NOT NULL REFERENCES wateja(mteja_id),
  tarehe   TEXT NOT NULL
);
CREATE TABLE vipengele (
  mkopo_id  INTEGER NOT NULL REFERENCES mikopo(mkopo_id),
  bidhaa_id INTEGER NOT NULL REFERENCES bidhaa(bidhaa_id),
  idadi     INTEGER NOT NULL,
  bei_siku_hiyo INTEGER NOT NULL,
  PRIMARY KEY (mkopo_id, bidhaa_id)
);
CREATE TABLE malipo (
  lipo_id  INTEGER PRIMARY KEY,
  mteja_id INTEGER REFERENCES wateja(mteja_id),
  tarehe   TEXT NOT NULL,
  kiasi    INTEGER NOT NULL
);
```

Majedwali 5 yanatosha muhula mzima. Kila safu hapo ina somo lake. Simu ni TEXT kwa sababu ukiiweka INTEGER, 0712 inageuka 712. Waache wajaribu waone. Fedha ni INTEGER kwa sababu shilingi za dukani hazina senti, na namba za desimali za kompyuta zina vijisehemu vinavyopotea. Tarehe iandikwe 2025-03-05: SQLite haina aina maalumu ya tarehe, hivyo "10/3" ikipangwa kama maandishi itatangulia "3/3". Safu ya bei_siku_hiyo ndiyo itakayowagawa wanafunzi wako wazuri. Watasema bei imo tayari kwenye bidhaa, kwa nini irudiwe? Kwa sababu sukari ikipanda kesho, deni la mwezi uliopita halipandi nalo. Bei ya leo na bei aliyokopea mtu ni mambo mawili. Atakayegundua hilo mwenyewe ameelewa usanifu kuliko aliyekariri kanuni tatu.

Programu: SQLite kwanza, seva baadaye

Kwa kompyuta 20 na umeme wa kubahatisha, tumia SQLite pamoja na DB Browser for SQLite, programu ya kuifungua kwa madirisha, hadi wiki ya 12. Haihitaji seva wala nywila. Kanzidata nzima ni faili moja linalobebeka kwenye flashi, na mwanafunzi mwenye simu ya Android anaweza kufanya mazoezi bwenini.

XAMPP, kifurushi chenye seva ya tovuti na ya kanzidata, tungeikwepa mwanzoni. MariaDB iliyomo humo hugombania mlango (port) 3306 kama kompyuta ina MySQL nyingine, na umeme ukikatika ghafla huweza kukataa kuwaka. Mwanafunzi huingia mtandaoni, husoma ushauri wa kufuta mafaili ya folda ya data, hufuta ibdata1, na kazi yake yote hupotea kwa sababu majedwali ya InnoDB, aina ya kawaida ya MariaDB, hayasomeki bila faili hilo.

SQLite nayo ina tabia zake, na usipozijua zitakuaibisha mbele ya darasa. Yenyewe huanza bila kulinda funguo za kigeni, yaani namba zinazorejelea mstari wa jedwali jingine. Mkopo wa mteja namba 99 asiyekuwapo utaingia kimya kimya, mpaka uandike:

```
PRAGMA foreign_keys = ON;
```

Iandikwe kila unapoifungua kanzidata, na kabla ya muamala (kundi la mabadiliko yanayokubaliwa au kufutwa pamoja) kuanza. Ikiandikwa katikati ya muamala haifanyi kitu na haitoi onyo. DB Browser ina mahali pa kuiwasha kwenye mipangilio ya kanzidata. Jaribu kwa kuingiza huyo mteja 99: ukikataliwa, ulinzi uko kazini.

Pili, SQLite hukubali neno "elfu tano" ndani ya safu ya INTEGER. Kuanzia toleo 3.37 la mwaka 2021 unaweza kuongeza neno STRICT baada ya mabano ya mwisho ya CREATE TABLE, ikakataa. Angalia toleo ulilo nalo kwa SELECT sqlite_version();

Tatu, na hili ndilo linalotuudhi zaidi, inakubali ulizo (query) la GROUP BY, la kujumlisha kwa makundi, lenye safu isiyojumlishwa wala kutajwa kwenye GROUP BY, kisha inakuchagulia thamani ya mstari wowote. MariaDB kwa mipangilio yake ya kawaida hufanya vivyo hivyo. PostgreSQL, kanzidata nyingine ya seva, hukataa, na MySQL kuanzia 5.7 hukataa isipozimwa. Weka kanuni ya darasa tangu siku ya kwanza: kila kilicho kwenye SELECT ama kiko ndani ya SUM, COUNT na wenzake, ama kimetajwa kwenye GROUP BY. Asiyefuata anakatwa alama hata kama jibu limetoka sahihi.

Nne ni umeme. DB Browser haiandiki mabadiliko kwenye faili mpaka ubonyeze Write Changes, au Ctrl+S. Umeme ukikatika kabla ya hapo, mabadiliko yamekwenda. Dawa ni kuwazoesha kuandika kila kitu kwenye skripti, yaani faili la maandishi lenye mwisho wa .sql, ambalo linaijenga kanzidata kutoka sifuri. Hilo ndilo wanalokukabidhi, si faili la kanzidata. Wewe unaliendesha hivi:

```
sqlite3 jaribio.db ".read kazi.sql"
```

Likikwama mstari wa 14, kazi imekwama mstari wa 14, hakuna mjadala.

Kuunganisha majedwali kwa karatasi

Hapa ndipo wanafunzi wako walipoishia, basi papewe wiki 3 nzima, ya 5 hadi ya 7. Anza na mkasi. Kila meza ipate vipande 4 vya wateja na vipande 6 vya mikopo, mteja mmoja asiwe na mkopo wowote. Wapange kila mteja na kila mkopo: 4 mara 6, jozi 24. Kisha waondoe jozi zote ambazo mteja_id haifanani pande mbili. Zinabaki 6. Hiyo ndiyo JOIN yote. Aliyeifanya kwa mikono haogopi tena, na siku akisahau ON akaona mistari 24 atajua imetoka wapi. Halafu waulize yule mteja wa nne kaenda wapi. Wamrudishe mezani na karatasi tupu pembeni yake, mistari iwe 7. Hiyo ni LEFT JOIN, na karatasi tupu ni NULL. Zoezi hili halihitaji umeme, kwa hiyo liweke akiba kwa siku ya giza.

Kuanzia hapo, sheria ya maabara iwe moja: kabla ya kubonyeza kitufe cha kuendesha, andika kwenye daftari unatarajia mistari mingapi. Ukikosea, ndipo kazi ilipo. Wanafunzi wengi huendesha ulizo, hawaoni kosa jekundu, wakaamini wamemaliza. Makosa mabaya ya SQL hayana rangi nyekundu.

Chukua hili, litengee saa nzima wiki ya 8. Mama Asha ana vipengele 3: sukari 6,000, mchele 3,000, sabuni 2,500. Deni ni 11,500. Amelipa mara mbili, 5,000 na 2,000. Baki ni 4,500. Mwanafunzi ataunganisha wateja, mikopo, vipengele na malipo kwa mkupuo, kisha ajumlishe. Vipengele 3 mara malipo 2 ni mistari 6. Deni limehesabiwa mara mbili, 23,000; malipo mara tatu, 21,000. Baki inatoka 2,000. Namba inaonekana ya kawaida kabisa, na mangi kapoteza 2,500.

Mwerevu wa darasa atakimbilia SUM(DISTINCT ...). Jibu litatoka 4,500, naye atatabasamu. Mwache. Kisha ongeza lipo la tatu la 2,000. Baki halisi sasa ni 2,500, lakini ulizo lake bado linasema 4,500, kwa sababu DISTINCT imeona 2,000 mbili ikaifuta moja. Sasa anayedhulumiwa ni Mama Asha. Njia iliyo sawa ni kujumlisha kila upande peke yake, ndipo uunganishe:

```
SELECT w.jina,
       COALESCE(d.deni, 0) - COALESCE(l.lipwa, 0) AS baki
FROM wateja w
LEFT JOIN (
  SELECT m.mteja_id, SUM(v.idadi * v.bei_siku_hiyo) AS deni
  FROM mikopo m
  JOIN vipengele v ON v.mkopo_id = m.mkopo_id
  GROUP BY m.mteja_id
) d ON d.mteja_id = w.mteja_id
LEFT JOIN (
  SELECT mteja_id, SUM(kiasi) AS lipwa
  FROM malipo
  GROUP BY mteja_id
) l ON l.mteja_id = w.mteja_id;
```

COALESCE ipo kwa sababu asiyelipa kitu ana NULL, na 11,500 kutoa NULL ni NULL, si 11,500.

Mitego miwili mingine ya ukoo huohuo. Umeona tumeiacha safu ya mteja_id kwenye malipo bila NOT NULL. Ni kwa makusudi, kuna fedha hupokelewa na jina halikusomeka. Ukitafuta wasiolipa kwa WHERE mteja_id NOT IN (SELECT mteja_id FROM malipo), NULL moja tu humo ndani inatosha kukurudishia mistari sifuri, kana kwamba kila mtu amelipa. Wafundishe NOT EXISTS. Mtego wa pili ni sharti la tarehe kwenye LEFT JOIN: likiwekwa kwenye WHERE linawafukuza wale wasio na malipo, na LEFT JOIN inageuka JOIN ya kawaida. Likae kwenye ON.

Kuhusu UPDATE na DELETE, acha waharibu kwa makusudi. BEGIN (kufungua muamala), kisha UPDATE bila WHERE, waone bidhaa zote zimekuwa bei moja, kisha ROLLBACK (kurudisha yaliyokuwapo). Tabia ya kuwajengea ni kuandika SELECT kwanza yenye WHERE ileile, kuhesabu mistari, ndipo kuigeuza iwe UPDATE. Kwenye DB Browser muamala huwa umeshafunguliwa ukibadilisha kitu, kwa hiyo BEGIN yako inaweza kukataliwa. Waonyeshe zoezi hili kwenye sqlite3 ya mstari wa amri.

Sasa usanifu

Wiki ya 9 rudisha ile picha ya ubao. Kila ubishi una jina lake. Simu ya Mama Asha kubadilika mistari mingine na kubaki mingine: hitilafu ya kubadilisha. Bei ya bidhaa kukosa pa kuandikwa mpaka mtu aikope: hitilafu ya kuingiza. Ukimfuta mkopaji pekee wa sabuni, bei ya sabuni inapotea naye: hitilafu ya kufuta. "Sukari kg 2, mchele kg 1" kwenye kisanduku kimoja inavunja 1NF (kisanduku kimoja, thamani moja), na walishaiona wiki ya 1 waliposhindwa kujumlisha kilo. Jina la bidhaa likiwekwa kwenye vipengele linavunja 2NF, maana linategemea bidhaa_id peke yake, nusu ya ufunguo. Ongeza safu ya kata kwenye wateja uone 3NF ikivunjwa: kata inaamuliwa na mtaa, haiamuliwi na mteja. (Kuna atakayesema Mtaa wa Uhuru upo miji mingi. Kweli, ndiyo sababu mtaa utahitaji namba yake.) Kwa utangulizi, ishia hapo.

Faharasa (index, orodha ya kuharakisha utafutaji) ipe maabara moja, wiki ya 12: jedwali la mistari 1,000,000, kisha EXPLAIN QUERY PLAN kabla na baada ya CREATE INDEX, neno SCAN linageuka SEARCH. Wiki ya 13 leta PostgreSQL kwenye kompyuta yako, wengine waunganike kwa mtandao wa ndani. Ikikataa, angalia vitu vitatu: listen_addresses kwenye postgresql.conf, ambayo ukiibadilisha lazima uiwashe seva upya; mstari unaoruhusu anwani za maabara kwenye pg_hba.conf; na ngome (firewall) ya Windows kwenye mlango 5432. Hapo wafundishe ruhusa za watumiaji na wauzaji wawili wanaogombania mfuko mmoja wa mwisho: madirisha mawili, BEGIN pande zote, wa pili anasubiri mpaka wa kwanza aseme COMMIT.

Kupima

Gawa darasa makundi mawili ya 32, wakae wawili wawili kwenye kompyuta 16. 4 zibaki za akiba. Mmoja anashika kibodi, mwenzake anasoma na kuongoza, wabadilishane kila dakika 15. Usipowabadilisha wewe kwa saa, mwenye kibodi ataishika muhula mzima.

Dhidi ya kudesa, kila mmoja awe na data yake. Bei ya sukari iwe 3,000 jumlisha tarakimu mbili za mwisho za namba ya usajili mara 10; mwenye 37 ana 3,370. Majibu yote ya fedha yanatofautiana, nawe unayakokotoa kwa skripti moja.

Halafu usisahihishe ulizo kwa data waliyoiona tu. Andaa data ya pili ya siri: wateja wawili wenye jina moja, mteja asiye na mkopo, lipo lisilo na mteja, malipo mawili ya kiasi kilekile siku moja, bidhaa isiyowahi kukopwa. Katika alama 10, toa 3 kwa jibu sahihi la data ya wazi, 4 kwa data ya siri, 2 kwa kutabiri idadi ya mistari na kueleza tofauti, 1 kwa msimbo unaosomeka.

Mradi uwe na mahojiano ya dakika 5. Wanafunzi 64 ni dakika 320. Gawa kwenye vipindi 4 vya maabara vya wiki ya 14 na 15, dakika 80 kila kimoja. Usiulize "eleza mradi wako", hilo hukaririwa. Fungua skripti yake, futa neno LEFT, uulize kitabadilika nini kabla ya kuendesha. Au mwambie mangi sasa anataka kuwajua waliokopa zaidi ya mara 3. Aliyeandikiwa na rafiki, au na ChatGPT, hujulikana dakika ya pili.

Lugha

Fikra ziwe kwa Kiswahili, istilahi za mtihani zijifunzwe kwa Kiingereza, na usione haya kuchanganya. Uhusiano wa majedwali hupatikana kwa maswali mawili ya Kiswahili: mteja mmoja anaweza kuwa na mikopo mingapi? Mkopo mmoja unaweza kuwa wa wateja wangapi? Wakishajibu, ndipo waandike one-to-many.

Kuna maneno mawili ya kuangalia. "Ufunguo" huwafanya wafikirie siri na nywila. Waambie ni kama namba ya usajili, inamtofautisha mtu na wenzake, haifungui mlango. Na neno relation: karibu kila mwanafunzi hudhani kanzidata inaitwa relational kwa sababu majedwali yana uhusiano. Kwa Codd, relation ni jedwali lenyewe, neno la hisabati ya seti. Mistari inayounganisha masanduku kwenye mchoro ni relationship. Hata baadhi ya madesa yanakosea hapo, kagua lako kabla hujaligawa.

Wiki moja kabla ya chuo kufunguliwa, pita na flashi kwenye kompyuta zote 20, usakinishe DB Browser na sqlite3, uendeshe SELECT sqlite_version(); kwenye kila moja na uandike matokeo. Zilizo chini ya 3.37 ama zisasishe, ama liondoe neno STRICT kwenye skripti zako zote, kwa sababu skripti yenye neno hilo hugoma kwenye toleo la zamani.